Rangi Zina Mwenyewe

Kila Esther Mahlangu anapoandikwa magazetini, sentensi ya kwanza haibadiliki: mama wa Kindebele kutoka Afrika Kusini anayehifadhi mila ya karne nyingi. Inapendeza masikioni na ina heshima ndani yake. Tatizo ni kwamba si kweli. Kadiri inavyorudiwa ndivyo inavyompokonya mwanamke huyu kitu ambacho wachoraji wanaume wa Ulaya hupewa bila kukiomba, yaani kuhesabiwa kwamba alichokifanya alikiwaza mwenyewe.

Tuanze na umri wa hiyo mila. Wanawake wa Kindebele walikandika na kupamba kuta za nyumba zao tangu zamani, kwa udongo, samadi, chokaa, majivu na masizi, wakichora kwa vidole ukuta ukiwa bado mbichi. Rangi zilikuwa za ardhi: kahawia, nyekundu ya udongo, nyeupe, nyeusi, kijivu. Lakini mtindo tunaoujua leo, ule wa mistari myeusi iliyonyooka inayozungushia vipande vya bluu, waridi, manjano na kijani, ulishika kasi kwenye miaka ya 1940. Mahlangu alizaliwa Novemba 1935 kwenye shamba karibu na mji wa Middelburg, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Mpumalanga. Hesabu haihitaji kalamu: yeye na mtindo huo ni rika moja, wamekua pamoja.

Rangi zenyewe nazo hazina ukale wowote. Bluu ya mwanzo mwanzo kwenye kuta hizo ilikuwa bluu ya kufulia, ileile ambayo mama zetu na bibi zetu waliitia kwenye maji ya kusuuzia ili mashuka meupe yasionekane yamechakaa. Ilinunuliwa dukani. Baadaye zikaja rangi za makopo, na kuta zikawaka. Wengi wa wanawake hao walikuwa vibarua kwenye mashamba ya Makaburu au wafanyakazi wa ndani katika nyumba za Wazungu mijini, na waliyoyaona huko waliyarudisha ukutani kwao: ngazi za nyumba za ghorofa, taa za umeme, madirisha, mageti, ndege inayopita angani, na wembe. Wembe ni pambo la kawaida kabisa katika michoro hii, umekatwa pembe nne pamoja na tundu lake la katikati. Asiyejua huuona kama alama ya kale ya ukoo, kumbe ni ule uliouzwa dukani ndani ya karatasi yake.

Waongozaji watalii wana hadithi yao. Wanasema michoro ilikuwa barua za siri ambazo Wandebele waliandikiana ukutani huku Makaburu wakidhani ni mapambo tu. Ni hadithi tamu, ila hainiingii akilini. Ukichora taa ya umeme na ngazi kwenye ukuta unaoelekea barabarani, hufichi kitu. Unataka uonekane.

Na walikuwa na kila sababu ya kutaka kuonekana. Mwaka 1882 Jamhuri ya Makaburu ya Transvaal iliwavamia Wandebele wa Ndzundza, ambao mtawala wao Nyabela alikuwa amempa hifadhi Mampuru, mwanamfalme wa Kipedi aliyemuua mfalme Sekhukhune. Jeshi la Makaburu likiongozwa na Piet Joubert liliwazingira kwenye mapango yao kwa miezi, likalipua, likachoma mashamba, na njaa ikamaliza kilichobaki. Nyabela alisalimu amri Julai 1883. Mampuru alinyongwa Pretoria mwaka huohuo, Nyabela akafungwa, ardhi ikagawiwa Makaburu. Watu nao waligawiwa. Familia zilisambazwa kwa wakulima weupe kwa mkataba wa kazi wa miaka mitano, ambao kwa wengi haukuisha. Watu walionyang'anywa nchi wakabaki na kuta za nyumba walizopewa ruhusa ya kujenga kwenye ardhi ya mtu mwingine, na kuta hizo wakazifanya zisiweze kuchanganywa na za mtu yeyote. Uhusiano kati ya vita ile na michoro hii wasomi bado wanaubishania. Mimi nasema tu kwamba sanaa hii imelelewa kwenye ardhi ya kupanga, na hilo ni tofauti sana na picha ya kijiji tulivu kinachorithishana nakshi tangu enzi na enzi.

Mahlangu alianza akiwa na miaka kumi hivi, akifundishwa na mama yake na bibi yake. Kisa cha mwanzo wake amekisimulia mara nyingi. Wakubwa walipoacha kazi mchana kujipumzisha na jua, yeye aliingia ukutani na kuendeleza walipoishia. Wakirudi, wanamgombeza: umeharibu. Kesho yake anarudia. Mwishowe wakampa ukuta wa nyuma ya nyumba, mahali wageni hawafiki, achezee huko. Aliendelea kuchora huko nyuma hadi siku walipoutazama ule ukuta wakaona mtoto mkono umetulia, wakamleta mbele. Hapo ndipo alipojua kwamba anaweza, na maneno yake hayo ndiyo yaliyokuja kuwa jina la maonyesho makubwa ya kazi zake yaliyofunguliwa Cape Town mwaka 2024.

Kisa hicho hutajwa kama ushahidi wa mila: tazama, bibi kampa mama, mama kampa binti. Mimi nakisoma kinyume. Kama kazi ilikuwa kunakili tu, ukuta wa mbele na wa nyuma ungekuwa na tofauti gani? Palikuwa na vizuri na vibaya, palikuwa na waamuzi wakali, na mtoto alishindwa kwanza kabla hajafaulu. Hiyo ni shule ya sanaa, tena yenye mtihani mgumu kuliko vyuo vingi, maana kazi iliyokosewa majirani wote wataiona.

Namna anavyofanya kazi inastahili kutazamwa kwa karibu. Hapimi kwa rula. Hachori kwanza kwa penseli. Anachukua unyoya wa kuku, anauchovya kwenye rangi nyeusi, na kuuburuza kwa mkono mmoja ulionyooka, pole pole, kutoka ncha hadi ncha. Mstari mmoja, halafu wa pili sambamba nao, halafu mshazari unaokata. Upande wa kulia ukimalizika, wa kushoto unafuata, na kwa sababu picha zake karibu zote zina pande mbili zinazotazamana kama sura kwenye kioo, kosa la nusu kidole upande mmoja litaonekana upande wa pili. Mchoro mzima anao kichwani kabla unyoya haujagusa ukuta. Rangi huja baadaye, ndani ya vyumba ambavyo mistari imeshavijenga, na huwekwa bapa, bila kivuli na bila kuchanganywa na jirani yake. Watu humsifu kwa rangi. Ukweli ni kwamba rangi hizo zinawaka hivyo kwa sababu ya mistari. Ukiiondoa ile nyeusi, waridi na bluu vitamwagikiana na ukuta wote utapoa.

Unyoya una tabia yake. Brashi ya dukani hubeba rangi nyingi na kuitoa sawasawa, ilhali unyoya hubeba kidogo na huishiwa njiani. Ndiyo maana ukisogea karibu na kazi yake utaona mstari unanenepa hapa, unakonda pale, unatetemeka kidogo kabla ya kona. Kwa mbali ni kama umepigwa na mashine. Kwa karibu ni pumzi ya mtu.

Sasa niseme jambo ambalo wanaopenda neno mila huliruka. Serikali ya ubaguzi wa rangi iliipenda sanaa hii. Iliipenda sana. Mwaka 1953 kijiji cha Wandebele wa ukoo wa Msiza kilihamishiwa kaskazini mwa Pretoria, kikawekwa kwenye njia ya watalii, na serikali ikawa inawapa wanawake rangi za kupaka nyumba zao. Kwa serikali iliyotaka kuuthibitishia ulimwengu kwamba kila kabila lina utamaduni wake wa asili na kwa hiyo likae pake, hakukuwa na tangazo zuri kuliko mwanamke mwenye pete za shaba shingoni akisimama mbele ya ukuta wa rangi saba. Picha hizo zilichapwa kwenye kadi za posta. Katika picha nyingi za zamani mwenye kamera anajulikana kwa jina, na mwanamke anajulikana kama "mwanamke wa Kindebele".

Kisha ikaja KwaNdebele, bantustani, yaani eneo lililotengewa Waafrika na serikali ya ubaguzi, iliyopewa serikali yake ya ndani mwaka 1981. Nakshi za wanawake ndizo zilizokuwa sura ya nchi hiyo ya bandia. Wanawake wenyewe je? Uchaguzi wa bunge la KwaNdebele wa mwaka 1984 uliwanyima kura, hadi mahakama ya Pretoria ilipoubatilisha mwaka 1988. Wanaume na wanawake walipanda mabasi kabla ya saa tisa usiku kwenda kufanya kazi Pretoria na kurudi usiku mwingine. Mpiga picha David Goldblatt aliwapiga wakiwa wamelala kwa kuegemeana kwenye viti hivyo. Mwaka 1986, Pretoria ilipotaka kuipa KwaNdebele uhuru usioombwa na mtu, wananchi walikataa, migambo ya Mbokotho ikawapiga na kuwatesa, damu ikamwagika, na mpango ukafa Agosti mwaka huo.

Mahlangu alichora katika miaka hiyohiyo. Kuanzia 1980 alikuwa Botshabelo, karibu na Middelburg, misheni ya zamani ya Wajerumani ambayo ilikuwa imefanywa makumbusho ya wazi yenye nyumba za Kindebele. Wageni wakija, wanamwona mama anapaka ukuta. Nadhani ni sawa kusema kwamba alikuwa sehemu ya maonyesho. Wafaransa waliokuwa wakizunguka kutafuta wasanii walimwona huko, na mwaka 1989 akaitwa Paris.

Maonyesho aliyoitiwa yaliitwa Magiciens de la Terre, yaani wachawi wa dunia, ama waganga wa dunia ukipenda kulainisha. Jean-Hubert Martin aliwakusanya wasanii mia moja, nusu kutoka nchi za Magharibi na nusu kutoka kwingineko, akawaweka pamoja Centre Pompidou na La Villette. Kutoka Zaire ya wakati huo walikuwepo Chéri Samba na Bodys Isek Kingelez. Mahlangu, akiwa na miaka 53, alisimamishiwa ukuta mfano wa nyumba yake na kuupaka mbele ya maelfu ya watu. Wako waliolalamika, na nawaunga mkono, kwamba maonyesho yale yalipendelea Waafrika ambao hawakusomea sanaa darasani, ili "uchawi" usije ukaharibiwa na elimu. Lakini malalamiko hayo yanasahau upande wa pili. Mchoraji aliyetoka kwenye makumbusho ya Botshabelo alitoka bila cheo, akarudi na jina. Paris haikumpa ufundi wowote. Ilimwandika kwenye kibandiko pembeni mwa kazi yake kama ilivyowaandika Wazungu.

Aliporudi alifanya uamuzi ambao kwangu ndio uti wa mgongo wa maisha yake ya kazi. Ukuta wa udongo hauishi. Mvua za kiangazi cha kusini huusafisha, na mwanamke hupaka upya, hasa kijana wake anapotoka jandoni au harusi inapokaribia. Kila kazi ina tarehe ya kufa. Mahlangu alichukua nakshi zile akazitia kwenye kanvasi, kwenye bati, kwenye kitu chochote kinachosimama, akiacha rangi za udongo pale alipotaka na kushika akriliki. Kwenye baadhi ya kanvasi alianza kwa kupaka samadi, kama anavyofanya ukutani, kisha ndipo michoro. Na akatia saini. Anayedhani kuhamisha mchoro kutoka ukutani hadi kanvasi ni kazi nyepesi afikirie jambo moja: ukuta una mlango, una dirisha, una kona, na mchoro wa Kindebele umejengwa kuufuata. Kanvasi haina mlango. Ilibidi picha ijitafutie kitovu chake, na ukitazama kazi zake za miaka ya 1990 utaona jinsi umbo kubwa la katikati linavyoanza kufanya kazi ambayo zamani ilifanywa na mlango.

Mwaka 1991 BMW walimletea gari aina ya 525i alipake. Kampuni hiyo ilikuwa na desturi ya kuwapa wasanii magari tangu 1975, akiwa wa kwanza Alexander Calder, wakafuata Frank Stella, Roy Lichtenstein na Andy Warhol. Mahlangu alikuwa mwanamke wa kwanza. Warhol alilimaliza lake kwa chini ya nusu saa, akisambaza rangi kwa brashi na vidole. Mahlangu aliomba kwanza mlango wa gari wa kujaribia, auone mkono wake unavyokaa kwenye chuma kilichopinda, kisha ndipo akaligusa gari lenyewe. Ilimchukua kama wiki moja.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi, wale wanaosema kwamba siku hiyo sanaa ya Kindebele iliuzwa. Hoja yao ina uzito. BMW walikuwa na kiwanda Rosslyn, nje kidogo ya Pretoria, tangu 1973, katika eneo lililotengwa makusudi ili viwanda vipate nguvu kazi rahisi kutoka bantustani. Mwaka 1991 sheria za ubaguzi zilikuwa zinafutwa, na gari la rangi za Kindebele lilikuwa njia nzuri ya kampuni kuonekana inatabasamu upande unaoshinda. Sibishi. Ila tuulize: kabla ya hapo nakshi zile zilikuwa mikononi mwa nani? Serikali ilizichapa, idara ya utalii ilizichapa, wenye viwanda vya vitambaa walizichapa, na hakuna aliyemlipa mtu wala kutaja jina. Gari lile, pamoja na unafiki wote ulioizunguka shughuli, lilikuwa na jina la Mahlangu. Kati ya kampuni inayotaka sifa kwa jina lako na serikali inayotaka sifa kwa kabila lako, afadhali ya kwanza. Baadaye alifanya na wengine wengi, ikiwemo chupa ya vodka ya Belvedere mwaka 2016, na hapo nakiri naona biashara imetangulia kidogo. Lakini biashara haikumpunguzia Warhol hadhi ya msanii.

Lawama nyingine ni kwamba anarudia. Miaka nenda rudi ni mistari ileile, pembe zilezile, wembe uleule. Wanaosema hivyo wamezoea hadithi ya msanii wa Kizungu anayebadilisha mtindo kila baada ya miaka kumi. Sisi wa Kiswahili tuna sababu ndogo zaidi ya kushangaa. Mwana Kupona alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, hakubuni bahari ya utenzi. Aliikuta. Mizani minane, mishororo minne, kina cha bahari kikirudi mwisho wa kila ubeti, na ndani ya kamba hizo akasema yaliyo yake mpaka leo tunamjua kwa sauti. Hakuna mhakiki mwenye akili timamu anayemlaumu kwa kutovunja vina. Kwa Mahlangu pia inabidi tutazame ndani ya umbo. Weka kazi yake ya miaka ya 1990 kando ya ya miaka ya 2010. Katika hizi za karibuni mistari imepungua, vipande vya rangi vimekuwa vikubwa, nyeupe imepewa nafasi ya kupumua. Amekuwa akipunguza. Ni mambo ya mtu anayehariri.

Lakini hoja yangu ina shimo, na ni vizuri nilitaje kabla msomaji hajaniwahi. Nikisisitiza mno kwamba rangi hizi ni za Esther Mahlangu, nitawafanyia wanawake wengine kilekile nilichokilalamikia. Francina Ndimande na binti yake Angelina ni wachoraji wakubwa wa Kindebele, na ukiwajua wawili hao utaona mara moja kwamba mkono wao si wa Mahlangu. Mwaka 1997 shirika la ndege la British Airways lilipoamua kupamba mikia ya ndege zake kwa sanaa kutoka pande zote za dunia, nakshi za Kindebele zilizotumika zilitoka kwa ndugu wawili, Emmly na Martha Masanabo.  Leo ukiwauliza watu, wengi watakwambia mikia ile ilikuwa ya Mahlangu. Umaarufu wa mmoja umekuwa blanketi la wote. Zamani walikuwa "mwanamke wa Kindebele", sasa wote wamekuwa Esther.

Sheria nayo haijui iwaweke wapi. Mchoro mmoja wenye saini unalindwa na hakimiliki kama mchoro wowote. Mtindo haulindwi, na ndiyo sababu vitambaa, vikombe na mashati ya "Ndebele" huchapwa popote mtu anapotaka, na wasomaji wengi wa makala hii wameshawahi kuvaa kimojawapo bila kujua. Afrika Kusini ilipitisha sheria mwaka 2019 ya kulinda maarifa ya jadi, ikiyahesabu kuwa mali ya jamii. Nia ni njema. Hata hivyo sheria ya namna hiyo inaturudisha kwenye sentensi ileile ya magazeti: ili mtindo ulindwe inabidi uitwe wa jadi, na ukiitwa wa jadi, waliobuni ngazi na taa na wembe kwenye miaka ya 1940 wanageuka kuwa warithi wa kitu walichokianzisha wenyewe.

Tusijidanganye kwamba ni shida ya watu wa kusini peke yao. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za mafuta za makopo juu ya vipande vya ubao, akauawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 baada ya kudhaniwa mhalifu. Miaka minne tu. Jina lake limegeuka kuwa jina la aina ya picha, na ukipita kwenye vibanda vya watalii utaambiwa kwamba huo ni uchoraji wa asili wa Tanzania. Saini yake imeghushiwa mno, huku wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake, kila mmoja na chui wake na tembo wake, wakiuzwa kwa jina la marehemu. Yeye alipewa jina akanyang'anywa picha. Mahlangu kwa miaka mingi alikuwa na picha bila jina. Kwa upande wetu sijaona taasisi ya umma iliyokaa chini ikasema picha ipi ni ya nani kwa uzito ambao jambo hilo linastahili.

Afrika Kusini walichelewa pia, ila walifika. Nchi ilimpa nishani ya Ikhamanga ya fedha mwaka 2006, Chuo Kikuu cha Johannesburg kikampa udaktari wa heshima mwaka 2018, na Februari 2024 Makumbusho ya Iziko ya Cape Town yakafungua yale maonyesho ya maisha yake yote, yaliyoandaliwa na Nontobeko Ntombela. Gari la 1991 lilirudishwa nyumbani kwa ajili ya maonyesho hayo. Nyumbani kwake Mpumalanga anafundisha watoto uani, kwa manyoya ya kuku vilevile, na mwaka huohuo akapaka ukuta wa bustani ya jumba la sanaa la Serpentine, London.

Mwaka huohuo wa 2024 BMW walitoa gari jingine kwa heshima yake, i5 ya umeme iliyofunikwa utando wa elektroniki unaobadilisha rangi: unabonyeza, nakshi zinacheza, zinahama, zinazima na kuwaka. Ni ufundi wa hali ya juu na watu wamelishangilia. Mimi nimelitazama kwenye video na kulirudia tena, na naona limemwelewa vibaya. Waliotengeneza wameamini kile ambacho wengi wanaamini, kwamba Mahlangu ni rangi, basi wakazidisha rangi. Mstari wao hauna unyoya ndani yake. Haunenepi, haukondi, hautetemeki kabla ya kona. Kwenye lile la 1991 unaona mahali alipoishiwa rangi akachovya tena. Wakitaka kumfanyia heshima nyingine, wampelekee mlango, makopo ya rangi, na wampe wiki yake.